Mama Mdogo Anayelala Jikoni

Mimi sipendi kutumwa, na Nzisa analijua hilo tangu tukiwa watoto. Lakini alipopiga simu kutoka Amerika akasema, "Kaveke, nimesikia Mulei anauza nyumba yake hapo Mbooni, nenda uniangalilie," nilifunga kibanda changu cha mboga nikaenda. Nzisa ni binti wa mama yangu mdogo, Katunge. Huko aliko kazi yake ni kuogesha wazee wa watu na kuwalisha, na makaratasi yake hayajakamilika mpaka leo. Akitoka Amerika, hataruhusiwa kuingia tena. Miaka inaenda, yeye yuko tu.

Mama mdogo alikuwa anaishi Kibwezi kwa mwanawe Kisilu. Alizaliwa huku juu Mbooni, akaolewa akateremshwa kule chini kwenye joto, na tangu hapo hajaacha kuililia baridi. Ukimpelekea parachichi la huku, atalinusa kwanza kabla hajasema asante. "Nikifa mnizike mahali kuna umande," alikuwa akisema, na Kisilu anakasirika. Ndio maana Nzisa aliitaka ile nyumba. Mama apande huku azeekee kwenye ubaridi wake, na yeye siku moja akirudi apate pa kuweka kichwa. Hakutaka kingine chochote duniani.

Basi nikazunguka kwa Mulei na simu mkononi. Wee! Nzisa aliniendesha kama punda. "Rudi pale kwa dirisha. Inama nione sakafu. Sasa simama hapo, nyamaza nisikie upepo." Upepo! Nikamwambia, "Nzisa, unanunua nyumba ama unanunua upepo?" Akacheka, halafu nikasikia kicheko kimegeuka kilio. Haki huruma ilinishika. Nikasimama mlangoni kimya, nimenyoosha mkono na simu mpaka ukafa ganzi.

Wakili mmoja wa mjini Wote akashughulika na hati, nyumba ikawa ya Nzisa, na mguu wake haujaikanyaga. Unadhani aliniacha nipumzike? Kila Jumapili nikitoka kanisani, ni hiyo hiyo: Kaveke, pita kwa nyumba unitumie video ingine.

Mama mdogo akaletwa kwa pikapu, yeye na godoro lake na kuku wake. Kisilu akafungua mlango kwa furaha. Mama akasimama uani, akaitazama ile nyumba kutoka juu mpaka chini.

"Ni nzuri," akasema. "Mwenyewe ako wapi?"

Sisi tukacheka. Yeye hakucheka. Akashika godoro lake akalivuta mpaka kwa lile jiko la nje, la mabati, jeusi kwa masizi, akalitandika karibu na mafiga.

"Mimi siwezi kufungua nyumba ya mtu," akatuambia. "Mwenye nyumba ndiye hulala kwanza. Nzisa akija alale, kesho yake mimi nitaingia."

Kwetu wako wanaoshika hayo mambo, na wako wanaosema ni ya kale, pastor akishaomba imetosha. Mama mdogo ni mtu wa kanisa, hata kwaya ameimba. Nikamwambia ukweli, kwamba Nzisa anaweza kukawia sana.

"Nitamngoja. Kungoja nimezoea."

Aiii, nilikasirika mimi! Watu wanapita njia wanaona mama mzima anatoka kwenye moshi na nyumba nzuri imefungwa hapo kando. Wataniuliza mimi, si yeye. Julai ikaingia na ukungu wake, na ile baridi aliyoililia miaka yote ikamkalia kifuani. Akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Nzisa alilia kwa simu: "Kaveke, nilitaka kumnunulia mama nyumba, kumbe nimemnunulia kikohozi."

Pastor Kitheka akaja na waumini. Wakaomba chumba kwa chumba, wakaimba. Mama mdogo akaitikia amina zote, akawapikia chai, wakaenda zao. Yeye akarudi kwa godoro lake.

Nikachoka. Siku iliyofuata nikampigia Nzisa ile simu ya kuonana, nikampa mama. "Ongeeni wenyewe," nikasema, "mimi nimeshindwa."

"Mwaitu, mama yangu, ingia nyumba," Nzisa akaomba. "Nakusihi."

"Nyumba ya nani?"

"Yangu."

"Huijui wewe. Umeiona tu kwa simu."

"Naijua."

"Haya. Mlango wa nyuma ukoje?"

"Unakwama chini. Unauinua kidogo na mguu ndio ufunguke." Nzisa alijibu bila kufikiria. "Na unga usiuweke chini ya dirisha la jua kutua, saa tisa patakuwa moto. Wewe utalala chumba cha mkono wa kulia, hicho kingine mabati yanapiga kelele. Na mwaitu, hapo kwa kuingia chumbani kuna simiti imepasuka, usijikwae. Mimi huwa nairuka."

"Huwa?" mama akauliza.

Nzisa akamweleza. "Nikitoka kazini nafunga macho naingia hapo. Nawasha moto, napika chai, nakumiminia, halafu nalala humo. Kila siku, mwaitu. Sina pengine pa kwenda."

Mimi niliyepiga hizo video zote sikuwa nimeuona huo ufa. Nikaenda kuangalia. Uko.

Niliporudi, mama mdogo alikuwa anafuta macho kwa leso. "Woi, mwanangu," alikuwa anasema. "Kumbe umeshalala humo. Mbona hukuniambia?"

Akainuka. Godoro akaniachia nibebe mimi, simu akaibeba mwenyewe kwa mikono miwili. Tukazunguka mpaka mlango wa mbele. Ulikuwa wazi, lakini alisimama akagonga.

"Hodi hapa kwa Nzisa!"

Tukasikia kilio kwanza. Halafu sauti ikatoka kwa ile simu: "Karibu, mwaitu. Karibu ndani."

Akaingia. Akaketi, akaisimamisha simu kwenye kiti cha pili mbele yake. Akaangalia kuta, akaangalia dirisha, akamrudia binti yake.

"Sasa wewe mwenye nyumba," akamwuliza polepole, "mbona mgeni wako anaketi peke yake?"