Mwanamke wa Kambi ya Wafugaji

Mwenzangu alipougua malaria na kuteremshwa Mpanda, nilibaki peke yangu kwenye milima ya juu ya Sibwesa. Tulikuwa tunachimba kambi ya wafugaji wa kale, tukitaka kujua walivyokuwa wakihama na ng'ombe wao. Vibarua walipanda asubuhi kutoka kijijini, mchana wakashuka kwenda mashambani kwao. Baada ya hapo nilikuwa na upepo, na redio iliyoshika stesheni ikitaka yenyewe. Nilianza kujisemesha kwa sauti nikipika.

Chini ya tabaka la samadi iliyoungua tulikuwa tumempata mwanamke. Alizikwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, kama mtu aliyejinyoosha kidogo baada ya kazi. Tulichukua jino lake moja likapimwe maabara. Jino hujengeka utotoni, na maji unayokunywa ukiwa mdogo huacha alama ndani yake.

Siku moja wakapita Wasukuma na mifugo yao, wanahama. Mama mmoja akaacha kundi akaja kuomba maji.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia. Kisukuma changu kinaishia hapo.

Akaitikia, akanywa, halafu akaiona mifupa.

"Ndugu zake wako wapi?"

"Walihama, mama. Zamani sana."

"Wakamwacha?"

"Nadhani majani yaliisha."

Akakaa chini. Akaniambia kwamba naye amemwacha binti yake kule walikotoka, na aliyechukua eneo lile amelima mahindi mpaka juu ya kaburi. "Baba yake hataki tumtaje," alisema. "Wewe nakwambia kwa sababu hunijui."

Nikamshika mkono. Mluzi ukapigwa kutoka bondeni. Akainuka, akamimina maziwa kidogo ya kibuyu chake ardhini, nje ya kamba tulizozungushia shimo, akawafuata wenzake mbiombio. Nilisikia kengele za ng'ombe muda mrefu, kisha sikuzisikia tena.

Majibu ya jino yalipotoka nilikuwa nimesharudi chumbani kwangu Mpanda. Mwenzangu alipiga simu anashangilia: yule mwanamke hakukulia milimani, alikulia mbali, kwenye maji ya bondeni. Pengine aliolewa huko juu. Nilimpongeza, nikakata simu, nikatafuta wa kumweleza. Niliyemtaka ni yule mama, na sikuwa nimemuuliza walikokuwa wanaelekea.