Barafu ya Lango la Mashariki

Mzee Morup Tundup ni mwoga, wala simsemi kwa ubaya. Kijiji kilimchagua atunze barafu ya bwawa kwa sababu hiyo hiyo. Mtu jasiri angeshatuua. Kila alfajiri ya majira ya baridi hupita na mtaimbo akigonga hatua kwa hatua, sikio ameliinamisha, kisha humwaga maji ndoo kwa ndoo ili pawe laini kwa mchezo wetu wa magongo, ambao badala ya mpira tunapiga kisahani. Bwawa lilichimbwa kwa ajili ya mashamba ya shayiri, na kina chake kinampita mtu mzima aliyenyoosha mkono. Sharti lake ni moja tu: usiache kitu cheusi juu ya barafu, hata glavu. Jua la huku milimani Ladakh, hata baridi ikiwa ya kukata masikio, hukipasha kitu cheusi mpaka kikazama. Mimi alishanitukana kwa ajili ya soksi.

Msimu uliopita baridi ilichelewa, barafu ikawa nyembamba, naye akakonda. Klabu yetu ya wanawake, mimi nikiwa nahodha, ilibakiwa na mchezo mmoja wa nyumbani, dhidi ya wasichana wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Tukishinda tunakwenda mjini Leh kwenye fainali, jambo ambalo hatujawahi kulipata. Mwenyeji asiye na barafu siku ya mchezo amepoteza mchezo. Kipa wetu alikuwa Chorol, binti pekee wa Mzee Morup.

Mchezo ulikuwa Alhamisi. Mzee alikwenda kwa mnajimu akarudi uso umemshuka: Alhamisi ilikuwa siku mbaya kwa Chorol kutoka nyumbani, siku njema ni Jumanne. Basi akafanya tunavyofanya sote safari ikiangukia siku mbaya. Unatanguliza kitu cha msafiri siku njema, inahesabika kwamba ameshaondoka, na kitu hicho hakiguswi mpaka siku yenyewe ifike. Kutoka mlangoni kwao hadi bwawani ni hatua mia mbili, lakini hofu haina vipimo. Akachukua kinga za miguu za binti yake, nyeusi tii, ili akaziweke juu ya barafu, mbele ya lango la mashariki.

"Baba, hilo si sharti lako mwenyewe?" Chorol alimwuliza. Tulikuwa jikoni kwao tunakunywa chai ya chumvi.

"Nitaziweka penye kivuli cha ukuta."

"Kivuli kitakaa mpaka saa ngapi?"

"Kunywa chai yako, wewe."

Jumatano aliziona zimeanza kuzama. Baada ya yote kupita aliniambia kwamba aliinama mara tatu azitoe, na mara tatu mkono ukakataa, maana kuzirudisha ni kumrudisha binti yake kwenye siku mbaya. Alhamisi alfajiri, alipozichomoa, zilikuwa zimeingia kina cha kiganja kizima, na barafu yote ya mwaka ule haikuzidi shubiri. Akashindilia theluji, akamwaga maji, akalainisha. Pakawa peupe, pazuri. Alipopagonga kwa mtaimbo, pakaitika kama debe tupu.

Asubuhi wageni wakaja na wazazi wao na chupa zao za chai. Mzee akanivuta nyuma ya kibanda.

"Mwenyeji ndiye anayechagua lango, sivyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Chagua la magharibi."

"Jua litampiga Chorol machoni."

"La magharibi, mwanangu. Kule mashariki barafu imechoka kidogo."

"Kipindi cha pili tutabadilishana."

"Mpaka hapo nitakuwa nimepata la kufanya."

Ningemwuliza imechoka vipi, lakini nilikuwapo jikoni siku ile, jibu nilishalijua. Na Leh nilikuwa naiona. Nikaenda kwa refa nikachagua la magharibi.

Kipa wao, Yangdol, alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mnene, mchangamfu, wa kurukaruka ili apate joto. Alikuwa akigonga barafu kwa gongo lake na kutupigia kelele.

"Dada zangu, leteni basi hicho kisahani! Nasinzia huku!"

Kisahani nilikipata mara nne, na mara nne nikapiga kutoka mbali. Sikutaka kukaribia. Niliogopa uzito wangu, niliogopa wa wenzangu waliokuwa wakinifuata.

"Mbona hukaribii?" mmoja wao akanifokea. "Atakung'ata?"

Kando, mama yake Yangdol alikuwa anamimina chai huku anacheka na jirani. Mzee Morup hakuwa anatazama mchezo. Alitazama miguu ya yule mtoto. Yangdol aliporuka tena, barafu ikatoa mlio mwembamba, na mzee akaingia uwanjani na mabuti yake ya mpira. Refa akapuliza kipenga.

"Binti, njoo kwangu. Polepole. Usiruke."

"Mzee, tuko mchezoni."

"Njoo, mama. Nakuomba."

Akaja, anacheka. Mzee akampisha, akanyanyua mtaimbo kwa mikono miwili, akaushusha pale msichana alipokuwa amesimama. Mara moja tu. Mtaimbo ukapita, ukamponyoka, ukazama. Maji meusi yakapanda yakatambaa juu ya barafu mpaka kwenye mabuti yake.

"Umejua tangu lini?" refa akauliza.

"Tangu alfajiri. Mimi niliziweka kinga pale, na mimi nimepaziba."

Upande wa pili Chorol akavua kofia yake ya kipa. Alilitazama lango la mashariki, akalitazama lake, akakaa chini palepale. Leh wakaenda wageni. Mzee alinyang'anywa kazi ya kutunza barafu jioni ileile, na wanaomlaani hawajachoka mpaka leo.

Yangdol hakuwa anacheka tena. Alinijia meno yanagongana, glavu zimemdondoka.

"Dada, wewe ndiye uliyechagua lango. Ulijua?"

Mzee Morup alinitazama, kisha akayatazama mabuti yake.

"Hapana," nikasema.

Naye, mwoga yule, hajanisuta mpaka leo.