Maradhi ya Arobaini na Moja

Gome kavu la mwarobaini halitwangwi kimya. Mchi uligonga kinu, gome likapasuka, kisha ukaja mkwaruzo kama kikohozi cha mtu anayejizuia asisikike. Kiangazi kile, nikiwa darasa la nne, sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha kila siku nyumbani kwetu Bagamoyo, na harufu yake ilishika kanga, mkeka, hata chai. Aliyetwanga ni jirani yetu Bi Siti. Aliyetwangiwa ni Mama Mkubwa Zaina, dada yake mama, aliyeishi na virusi vya UKIMWI, na ambaye mimi na ndoto zangu nilishampangia kucheza harusini kwangu.

Vidonge vya kliniki vilimpa nguvu, lakini alivimeza bila kukunja uso, na kwetu dawa isiyo chungu haihesabiwi dawa.

"Zaina, mti huu unatibu maradhi arobaini," alisema Bi Siti. "Haya ya arobaini na moja yataushindaje?"

"Na vidonge vyangu, shoga?"

"Peremende hizo! Waachie watoto."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, nami nikacheka. Mama hakucheka.

"Dada, si utumie vyote viwili?"

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," Mama Mkubwa akamjibu.

Vidonge vikapandishwa juu ya kabati. Mwanzoni alichangamka, tukausifu mti. Kumbe mwili ulikuwa unakula akiba ya vidonge. Kisha kanga ikaanza kumpwaya, sauti ikamkauka, uji ukawa unarudi. Mama alipofanikiwa kumfikisha hospitali, maradhi yalikuwa yameshatangulia. Hakurudi.

Siku hizi nasikia wataalamu wanachunguza mizizi na magome yetu maabara, wakitafuta kitu cha kuzuia virusi. Nawaombea wapate, wallahi. Huenda mti wetu una siri yake. Ila wao huuliza kwanza, ndipo wamnyweshe mtu. Sisi tulinywesha kwanza. Na bado sokoni naona chupa zikinadiwa kwa maneno yale yale ya Bi Siti.

Siku ya hitima, Bi Siti, macho yamemvimba kwa kulia, alimnong'oneza mama asiutupe unga uliobaki. Yuko binti mmoja Lugoba, mgonjwa vile vile, atapelekewa jioni. Watu walipoinua mikono kwa dua, niliubeba mfuko wa ule unga peke yangu, nikaenda chooni, nikaumwaga wote shimoni, nikafuatisha ndoo ya maji.