Mguu wa Kunguru Chini ya Kibweta

Kwa miaka mitatu Toini Rautalahti alipiga picha maghala, sauna za moshi, reki za mbao na vijiko vilivyotoboka katika kijiji cha makumbusho. Watu walidhani anapenda vitu vya kale. Apende nini? Amekamua ng'ombe tangu utotoni, na ghala la nyasi halimfurahishi mtu aliyewahi kulijaza. Toini alikuwa akitafuta kibweta kimoja tu cha siagi.

Katika Ufini ya mababu kila nyumba ilikuwa na alama yake, na ilichongwa kwenye vyombo ili jirani aliyeazima asijifanye amesahau ni vya nani. Alama ya ukoo wa mama yake ilikuwa mguu wa kunguru, vidole vitatu. Mama huyo, alipokuwa mtumishi katika nyumba kubwa ya Hakola, alifukuzwa kwa kudaiwa kuiba kibweta. Mpaka anakufa aliapa kwamba ni chake, alichongewa na baba yake, na alama iko chini. Toini, aliyezaliwa baada ya kisa hicho, alimwamini, akataka picha ya kuwaumbua watu wa Hakola. Njia ya mwongo ni fupi, alizoea kusema.

Kiangazi hicho nyumba ya Hakola, iliyohamishwa gogo kwa gogo, ilifunguliwa kijijini pale. Kibweta kilikuwa rafuni.

"Mama Toini, leo umeacha kupiga picha reki?" mlinzi, Saija, alimtania.

"Nigeuzie hicho, mwanangu."

"Vitu havishikwi."

"Sishiki mimi. Unashika wewe."

Saija akacheka, akavaa glavu, akakigeuza. Toini akamulika tochi kutoka ubavuni, maana mwanga wa mbele huficha michongo, akapiga picha. Mguu wa kunguru ulikuwapo. Akaikuza picha kwenye kamera. Chini ya mguu ule ilikuwapo alama ya Hakola, duara lenye msalaba, nyeusi kwa ukongwe. Mguu ulikuwa umechongwa juu yake, kwa kisu butu.

"Ndicho ulichokitafuta?"

"Ndicho," alisema Toini. Aliona aibu, kana kwamba ameshikwa yeye.

Alasiri akaenda nyumba ya wazee kumtazama dada yake Aune, mwenye miaka themanini na minne. Wakanywa kahawa na mkate wa iliki. Njiani Toini alikuwa ameamua kusema nusu ya ukweli, kwa ajili ya marehemu na kwa ajili ya bibi huyu.

"Mguu wa kunguru upo, dada. Nimeuona kwa macho yangu."

"Kidole cha kushoto kimepinda?"

Toini akafungua kamera, akatazama. Kilikuwa kimepinda.

"Nilipiga chafya," alisema Aune, akichovya mkate kwenye kahawa. "Nilikuwa na miaka sita. Mama alinipa kibweta nikishike, yeye akichonga."