Neno la Ijumaa kwa Munyiva

Munyiva hakujaliwa makalio ya kukaa. Hata kanisani alikuwa akisimama kabla mchungaji hajasema tusimame. Kibandani kwake Kilimani, nyuma ya maghorofa, alikoroga maharagwe huku anafuta meza huku anamjibu mtu kwenye simu, na ulimi wake ulikuwa na haraka kuliko mikono.

Wateja hawakuletwa na maharagwe, tusidanganyane. Mbele ya kibanda palikuwa na ubao mweusi, na kila asubuhi, juu ya majina ya vyakula, Munyiva aliandika neno la kawaida na kulieleza apendavyo yeye. Lifti: chumba ambamo majirani hukutana kutazama viatu. Mkutano: kungoja chai mkiwa wengi. Vijana wa maofisini walikuja kupiga picha ubao, na kwa kuwa walishafika, wakala. Ijumaa neno lilichaguliwa na wateja, na Munyiva hakuwahi kushindwa na neno la mtu.

Ijumaa moja Beryl, msichana wa ofisi ya bima asiyekosa chapati zake za asubuhi, alimwambia Munyiva, "Mathe, leo tupatie mume."

Mtu mwenye akili angesema hilo lingoje. Were, mume wa Munyiva, alikuwa fundi wa vigae, na tangu mwaka uanze hakuwa amepata pa kubandika hata kimoja. Shughuli aliyobaki nayo ilikuwa kumletea mkewe maji ya kibanda kwa mkokoteni. Munyiva aliyajua hayo yote. Lakini meza zote zilikuwa zinamtazama, na akitazamwa hivyo huwa hana breki. Akaandika: Mume: kiti cha sebuleni kinachouliza chai iko wapi.

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Beryl alikuwa bado anapiga picha Were alipopenya katikati yao na mitungi ya maji. Akaitua, akausoma ubao polepole, midomo ikifuata maneno.

"Hiyo imeweza, Mama Nzisa," akamwambia mkewe, akaenda zake. Wateja walidhani ni muuza maji tu, wakaendelea kucheka.

Munyiva aliufuta ubao kwa kiganja, lakini picha zilikwisha kuruka mitandaoni. Maji yakimwagika hayazoleki. Alipiga simu ya Were, ikaita mpaka ikachoka. Akatia chumvi kwenye maharagwe, akasahau, akatia tena. Kila mkokoteni uliopita barabarani ulimtoa nje na mwiko mkononi. Saa ya chakula ilifika, saa ambayo Were huja kula kwenye benchi la nyuma, na benchi likakaa tupu. Aliona aibu, aibu ya kweli. Akawaachia wateja wajipakulie, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akavua aproni na kuondoka.

Nyumbani Kawangware mlango ulikuwa na kufuli. Jirani yake Caren, aliyekuwa akianika nguo, alimtazama kwa huruma iliyomkera.

"Baba Nzisa ameenda Dagoretti, kule wanachinja ng'ombe. Amesema atabeba nyama kama wanataka mtu."

"Na huo mgongo wake mbovu?"

"Hiyo sasa muulize yeye."

Alimkuta uani machinjioni, koti jeupe la kuazima limegeuka jekundu, paja la ng'ombe begani. Were alimwona, akapeleka mzigo kwenye gari kwanza, ndipo akarudi akijifuta uso kwa mkono.

"Nimeifuta," Munyiva akasema.

"Walicheka?"

"Walicheka."

"Na wewe?"

Angeweza kudanganya. Maneno hayakuwahi kumpungukia. "Nilicheka, Baba Nzisa. Nisamehe."

Were alitikisa kichwa. "Kucheka si shida. Ilikuwa kali, hata mimi ningecheka. Lakini zamani ulikuwa unaniambia mimi kwanza."

Ilikuwa kweli. Kabla ya kibanda, kabla ya ubao, kila neno lilianzia kitandani kwao. Were akicheka, lilikuwa zuri; akinyamaza, Munyiva alilitupa. Munyiva alijaribu kukumbuka neno la mwisho alilompelekea, akarudi nyuma mwezi kwa mwezi, na asilipate. Alikuwa amewapa watu wa chapati kicheko kilichokuwa cha mume wake, na wala hakuona alipokitoa.

Msimamizi aliita. Were akainama kupokea paja jingine, akashika mgongo kidogo, akalipandisha.

"Nenda tu, utachelewa. Hii lori bado haijajaa."

"Nitangoja."

"Wewe? Kungoja?"

Munyiva akatafuta jiwe kando ya ukuta, akaketi.