Viatu vya Mazingira

Juzi nilikuwa ofisini kwenye sekondari moja karibu na Mchikichini, nikisubiri barua ya uhamisho wa mwanangu. Akaingia bibi mmoja, akaweka mezani viatu vyeusi vipya vilivyonunuliwa kwa ruzuku ya serikali.

"Shikamoo, bibi. Vinambana mjukuu?" mwalimu akauliza.

"Marahaba. Vinamtosha. Ila mlimwita mbele ya shule nzima, mkasema huyu ni wa mazingira magumu. Sasa wenzake wanamwita Mazingira. Shule hataki tena."

"Tulitakiwa kupiga picha ya ripoti, bibi."

Bibi akavipangusa viatu kwa ncha ya kanga, ingawa havikuwa na vumbi, akatoka.

Mwalimu akafungua daftari aandike vimerudishwa. "Hivi yule binti anaitwa nani?" akamuuliza mwenzake.

"Si yule Mazingira?"

Tumemvisha viatu, tukamvua jina.