Paka Wangu na Mkono wa Mke Mwenzangu

Nilipoolewa Dodoma mjini, zama za Mwingereza, nilikuja na paka wangu kutoka kwetu Zuzu. Mume wangu alikuwa tayari na mke mkubwa, na katika nyumba ile paka ndiye pekee niliyeweza kumwita wangu.

Kiangazi kimoja akaugua. Kuhara kulipokoma, akabaki hataki kula. Nilimpa maziwa, nikamkatia nyama vipande vidogo, akageuza uso. Siku ya tatu mke mwenzangu alichemsha dagaa wa Kigoma, akaacha mchuzi upoe, akachovya kidole na kumpaka paka mdomoni. Paka akajilamba. Akampaka tena, na mwishowe paka akanywa mwenyewe kibakulini.

Badala ya kushukuru, wivu ulinipanda. Mume alikuwa wake kabla yangu. Sasa na paka pia? Nikambeba, nikamfungia chumbani kwangu, nikachemsha dagaa walewale. Hakuwagusa. Kufikia asubuhi ya pili hakuweza hata kusimama.

Nikaenda kwa mwenzangu. "Dada, njoo umlishe. Kwangu hataki."

Nilingoja anisimange. Alinawa mikono tu, akaja. "Mchuzi wako wa moto mno," alisema. "Na unamkazia macho. Mwache ale."

Paka alipona, akawa analala mlangoni kwake. Nilimshukuru mwenzangu kwa mdomo, lakini kila nilipopita pale nilitamani paka anyanyuke anifuate, na hakunifuata.